Kusomea Chuma cha Baharini

Kwetu Kimulot, ukitaja neno chuma watu wanatazama mikono yako. Kwanza kabisa ni kazi. Kuchuma ndiko tunakoamkia: majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, nailoni kiunoni kwa sababu ya umande. Kile chuma kingine, cha msumari na jembe, tunakijua pia, lakini akilini huja baadaye. Kwa hivyo nilipowaeleza watu wa nyumbani kwamba chuoni nasomea chuma kilicho ndani ya maji ya bahari, shida nilijitakia mwenyewe.

Mama alipeleka habari kanisani. Alisimama wakati wa shukrani akasema binti yake amepata nafasi ya shahada ya pili, na anasomea kuchuma baharini. Akina mama walipiga makofi kwanza, kufikiri kukafuata. Tulipotoka nje mmoja aliniuliza kama huko majani yanamea juu ya maji au chini. Mwingine, aliyekuwa mchumaji hodari kuliko wote na hakupenda kusikia habari za mashindano, alitaka kujua mtu huchuma kilo ngapi kwa siku. Mchungaji aliniombea Mungu anilinde na mawimbi. Niliitikia amina kwa sauti, ingawa bahari sikuwa nimeiona, na hata leo ninapoandika haya sijaiona.

Lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili, na si kwa sababu tulikijua. Mama ni Mkipsigis wa hapa hapa, mwenye shamba dogo la chai alilopewa na baba yake. Marehemu baba alikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi ya fundi wa mitambo kiwandani. Hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake, basi wakakutana katikati, kwenye Kiswahili, kila mmoja na mzigo wake. Baba alisema "samba" na "maisa". Mama kwake b na p ni kitu kimoja, na d na t ni ndugu wa tumbo moja. Baba alikuwa akimwambia mama aende "samba", mama anamjibu kwamba "pado" kuna umande, na sisi watoto tulielewa kila neno. Nilipokuwa na miaka sita ningeweza kuwa mkalimani wa mahakama. Halafu nikasoma, nikafundishwa Kiswahili sanifu na Kiingereza cha maabara, na masikio yangu yakaharibika polepole bila mimi kujua.

Bahari ninayoijua mimi niliipika mwenyewe. Chuo changu, upande wa Kabianga, hakina ufuo, lakini kina mizani nzuri. Unapima chumvi ya kawaida, unaongeza chumvi nyingine kadhaa kila moja kwa kiasi chake, unatia maji yaliyogeuzwa mvuke yakarudishwa kuwa maji, unakoroga, unaacha itulie. Kesho yake una bahari ya lita tano kwenye chupa ya plastiki, imeandikwa tarehe. Msimamizi wangu, mhadhiri mwembamba asiyevua sweta hata jua likiwaka, alikuwa ameiona ile ya kweli mara moja alipokwenda Mombasa kwenye mkutano. Alirudi na malalamiko kuhusu joto.

Ndiye aliyenipa somo hilo. Kuna sehemu za bahari, alinieleza, zenye karibu kila aina ya rutuba lakini hazinawiri. Mimea ya huko ni midogo mno, huwezi kuiona kwa macho, nayo imepauka ikingoja chuma. Inahitaji kidogo sana, hata punje. Basi wanasayansi wakapanda meli, wakaenda kumwaga chuma kilichoyeyushwa, na maji yakageuka kijani kwa siku kadhaa. Walitumaini kwamba mimea hiyo ikistawi itavuta hewa chafu kutoka angani na kuzama nayo. Wazo lilikuwa zuri, ila chuma hakikukubali kukaa. Maji ya bahari hayana uchachu kama udongo wetu. Chuma kikiingia humo kinakutana na oksijeni, kinageuka kutu, na kutu inazama. Kinachobaki juu ni kile kilichoshikwa na vitu vingine vilivyoyeyuka majini, mabaki ya mimea na vijidudu. Vitu hivyo vina jina refu la Kiingereza. Mimi niliviita washikaji, na msimamizi alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa, washikaji si wa aina moja. Wapo wanaokishika chuma wakaelea nacho mpaka mmea uje ukichukue, na wapo wanaokikumbatia wasikiachie tena. Ukipima maji utaambiwa chuma kipo, na mmea pembeni unakufa kwa kukikosa. "Kuwepo ni kitu kimoja," msimamizi aliniambia, "kupatikana ni kingine. Hiyo ndiyo tasnifu yako." Niliandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu, nikayapigia mistari miwili. Nilijiona nimeshaelewa.

Nilijaribu kumweleza mama. Tulikuwa jikoni, anapepeta mahindi.

"Watu wanaweka mbolea baharini, Mama."

"Mpolea?"

"Eeh. Ya chuma."

Aliweka ungo chini. "Hiyo pahari ni ya nani?"

"Si ya mtu."

"Na nani atachuma?"

"Hakuna mtu atachuma. Inamea tu, halafu inazama."

Alinitazama kwa huruma, akaokota ungo wake. "Ara, sisi mpolea yetu haijafika tangu mwaka jana," akasema, "na kuna watu wanatupa yao kwa maji." Hata watahini wangu hawakuwahi kunipa hoja nzuri kama hiyo.

Kazi yangu ya kwanza maabarani haikuwa kutafuta chuma bali kukikimbia. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Kiko kwenye vumbi la barabara, kwenye pindo la sketi, kwenye kucha, kwenye mabati ya paa. Bahari ninayoiiga mimi haina chuma kabisa, na mtu wa Kimulot akipiga chafya karibu nayo tayari ameitia mbolea. Nilifunga mifuko ya plastiki kwenye viatu. Niliosha chupa kwa tindikali siku tatu mfululizo. Bado bahari yangu ya kwanza ilitoka na chuma kingi kuliko mfereji wa nyuma ya kiwanda, na tulipotafuta chanzo tukakuta ni ufagio wa maabara. Penye miti hapana wajenzi, wanasema. Mimi nilikuwa penye chuma kingi kuliko mahali popote, nikitafuta mahali pasipo nacho.

Mama alinipigia simu siku moja mchana nikiwa nimevaa glavu. Niliibonyeza kwa kiwiko, nikaiacha mezani ikipaza sauti, macho yangu yako kwenye bomba la kipimo.

"Nilienda kwa taktari," akasema. "Amesema tamu yangu imepungua sana."

Inafaa nieleze nilichosikia. Kijijini kwetu ugonjwa wa sukari umeingia nyumba baada ya nyumba. Jirani yetu wa chini alikatwa mguu. Mama alikuwa mtu wa vijiko vinne vya sukari kwa kikombe, na kwa miaka miwili nilikuwa nimemhubiria mpaka nikajichosha. Kwa hivyo niliposikia tamu imepungua, nilisikia mahubiri yangu yamezaa matunda.

"Hiyo ni baraka, Mama," nikasema. "Mshukuru Mungu."

Nilihesabu matone.

"Paraka?"

"Baraka kabisa. Endelea hivyo hivyo."

"Ara, sawa," akasema, akakata simu. Nami nikaandika kipimo changu kwenye daftari kwa uangalifu mkubwa.

Karibu miezi miwili ilipita kabla sijaenda nyumbani. Nilimkuta katikati ya michai, saa nne asubuhi, ameketi chini. Mama yangu haketi shambani. Kikapu kilikuwa hakijafika nusu, na alikuwa akitafuna odowa, yale mawe laini ya kutafuna yanayouzwa sokoni. Jina hilo limetoka upande wa baba, na nilitania kwamba katika miaka yote ya ndoa hicho ndicho kitu pekee alichokubali kujifunza kwa wakwe. Hakucheka. Midomo yake ilikuwa imepauka, na alipoinuka alishika mchai kwanza.

Jikoni, nikitafuta chumvi, niliona bahasha ndogo ya karatasi ya dawa nyuma ya kopo la majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na vidonge vyekundu, karibu vyote havijaguswa. Nilisoma jina. Ilikuwa chumvi ileile ya chuma niliyokuwa nayo kwenye rafu yangu ya maabara, ileile ambayo watu walipanda meli kwenda kuimwaga baharini.

"Mama, hizi ni za nini?"

"Ni za tamu."

"Za nini?"

Alijigusa mshipa wa mkono. "Tamu. Hii inatempea kwa mwili. Si nilikwambia imepungua ukasema ni paraka."

Niliketi kwenye kigoda. Sijui kama nimewahi kuona aibu kama ile, na nimeona aibu nyingi. Damu. Mtoto wa miaka sita angesikia damu.

Habari yote ikatoka polepole, kwa sababu ilikuwa na mambo ambayo mama hakutaka kuyasema hata kwa binti yake. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Kila mwezi alikuwa akipoteza damu nyingi kupita kiasi, na alikuwa amevumilia zaidi ya mwaka. Hospitali ilitaka kumpasua, lakini daktari alisema hawezi kumgusa mpaka damu ipande. Yake ilikuwa saba ilhali ilitakiwa kufika angalau kumi, na akipasuliwa kwa hiyo saba angeweza asiamke tena. Walimpa vidonge aongeze damu, wakampangia tarehe ya kurudi. Alivinywa siku chache. Halafu akanipigia simu.

"Nilifikiri wewe umesoma," akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kama imepungua na wewe unasema ni paraka, mimi ni nani nipande juu yako?"

Tangu siku hiyo nilijifanya askari. Nilihamisha vitu vyangu nyumbani, nikawa nakwenda maabara siku mbili tu kwa juma. Muuguzi alikuwa amesema vidonge vinywewe baada ya chakula. Kwetu kinachokuja baada ya chakula ni chai, hilo halina mjadala. Hata mgeni akija kwa habari ya msiba hupewa chai kabla ya kusema. Kwa hivyo asubuhi, mchana na jioni nilipakua chakula, nikahesabu kidonge kwenye kiganja chake, nikammiminia kikombe kwa mkono wangu mwenyewe. Maziwa yote yalikuwa yanakwenda dukani kwa wanunuzi, basi tulikunywa turungi, chai kavu isiyo na maziwa, na niliikoleza vizuri kwa sababu kidonge kile huacha ladha ya msumari mdomoni. Sukari nilirudisha mpaka vijiko vinne, kama kafara. Alikunywa mpaka tone la mwisho huku mimi nimesimama mbele yake.

Siku za maabara, mambo yangu yalikuwa yanakwenda vizuri. Mshikaji tuliyemwagiza ng'ambo, wa ndani ya kichupa kidogo, alikuwa bado hajafika, na msimamizi alichoka kungoja. "Tumia chai," akasema. "Chai imejaa hao washikaji wako. Tuko Kericho, tunaagiza nini tena kutoka nje?" Nilichukua majani kutoka kwenye kopo la mama, nikayachemsha, nikachuja, nikatia kwenye bahari yangu. Kisha nikadondosha chuma.

Maji yaligeuka meusi hapo hapo. Yalikuwa meusi kama wino, rangi ya bluu kidogo ukiyaweka kwenye mwanga. Nilipima chuma kilichokuwa huru na nikakuta karibu hakipo. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini bahati yangu. Msimamizi alikuja, akainua chupa dirishani. "Kiko chote humu ndani," akasema, "na hakuna mmea utakaokipata. Hii ni sura nzima ya tasnifu." Nilipiga picha. Jioni ile nilirudi nyumbani nimefurahi, nikammiminia mama chai.

Kumbuka pia kwamba baba, fundi wa mitambo, alikuwa na birika moja alilolichukia. Rangi yake ya nje na ndani ilikuwa imechubuka, chuma kikaonekana, na kila chai iliyotoka humo ilikuwa na kivuli. "Birika hii inatia chai wino," alikuwa akisema, akasukuma kikombe. Kiwandani pia alituambia jani halipaswi kugusa chuma chenye kutu. Nililijua hilo tangu utotoni, kabla ya kujua kusoma. Wanasema mganga hajigangi. Mimi nilikuwa na elimu ya baba, ya msimamizi, na ya chupa tatu nyeusi kwenye rafu, na sikuweza kumganga mtu niliyelala naye chumba kimoja.

Tarehe ya hospitali ilifika. Walimtoa damu, tukangoja kwenye benchi. Muuguzi alirudi na karatasi, akatutazama kwa zamu.

"Saba," akasema. "Bado ni saba. Mama, hizi dawa unakula ama unatupa?"

"Nakunywa," mama akasema.

"Watu wanatuambia hivyo, halafu tunazikuta chooni. Ukikunywa lazima ipande. Hatuwezi kukuingiza theatre na hii damu." Akaandika tarehe nyingine, mbali zaidi, na akatuambia ikishuka chini ya hapo mambo yatakuwa mabaya. Mama alikunja karatasi mara nne.

Nje ya geti nilifanya kitu ambacho bado kinanichoma. Nilikuwa nimesimama mbele yake siku zote zile, nimeona kila kidonge kikiingia mdomoni. Lakini muuguzi alikuwa na sare na kipimo, na mimi ni mtu wa vipimo. Nikamuuliza.

"Mama, niambie ukweli. Ukigeuka unatema?"

Njia nzima mpaka nyumbani alitazama michai ikipita, na jioni alikula kidogo, akalala mapema. Nilijua nimekosea na sikujua namna ya kurudisha neno.

Asubuhi alinitangulia jikoni. Nilipoingia, chai ilikuwa tayari imemiminwa, kikombe chake cheupe kiko katikati ya meza, na yeye ameketi mbele yake amejifunga leso ya kanisani. Kidonge alikuwa amekisaga kwa mgongo wa kijiko mpaka kikawa unga.

"Kaa hapa," akasema. "Uone vizuri. Sitameza, utasema natema. Leo nakoroga, nakunywa yote, na wewe unaangalia mpaka chini."

Akamimina unga ule kwenye kikombe, akakoroga.

Chai iligeuka nyeusi. Ilianza pembeni mwa kijiko, ikaenea, na kwenye kikombe kile cheupe ilikuwa na ubluu kidogo kandoni. Mama aliinua kikombe. Nilikuwa nimeshaiona rangi ile. Nilikuwa na picha yake kwenye simu, mfukoni, nimewatumia watu watatu nikijisifu.

"Usinywe," nikasema.

"Jana unasema natema, leo unasema nisinywe?"

"Mama, weka chini. Si wewe. Ni chai."

Aliweka chini. Nilimweleza, na kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo yale niliweza kuyasema kwa maneno ya kawaida. Kwamba chai inakishika chuma cha kidonge tumboni, inakikumbatia, na kinapita hivyo hivyo mpaka nje bila damu kukipata. Kwamba tungeweza kumwaga vidonge vya hospitali nzima na damu ingebaki ikingoja, kama ile mimea ya baharini. Kwamba ni mimi niliyemmiminia chai hiyo, tena niliikoleza. Nikamwomba msamaha kwa chai, na kwa simu, na kwa swali la getini. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Mama alitazama kikombe. Kisha akatazama dirishani, ambako hakuna kitu kingine cha kutazama isipokuwa chai mpaka ukingo wa msitu.

"Tangu nikiwa msichana nachuma hii chai," akasema. "Kumpe yenyewe pia inanichuma."

Nilirudi hospitali peke yangu kumuuliza daktari. Alisikiliza, akakubali kwamba vidonge na chai havipatani. Akasema pia kwamba huenda chai haikuwa sababu peke yake, kwa kuwa mama alikuwa bado anapoteza damu, akaongeza dawa ya kuizuia. Nilipenda alivyosema "huenda". Ni neno ambalo mimi nilikuwa nimelikosa miezi yote ile.

Utaratibu mpya ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuuishi. Kidonge kilinywewa kwa maji na limau tulilochuma nyuma ya nyumba, na chai ikangoja saa mbili. Mama alikaa akitazama saa ya ukutani kama mtu anayengojea kuitwa kazini. Tatizo kubwa lilikuwa wageni. Mkipsigis kukataa chai nyumbani kwa mtu ni kumwambia hamjaelewana, na mama, mwenye shamba la chai, alianza kuzunguka kijiji na kichupa cha maji ya limau ndani ya kibeti. Akina mama wa kanisani walijadili jambo hilo kwa kina. Wengine walisema ameingia dhehebu lisilokunywa chai. Yule mchumaji hodari alisema yeye tangu mwanzo hakupenda habari za kuchuma baharini, na sasa mnaona matunda yake: msichana amemkataza mama yake chai. Mama hakuwasahihisha. Kueleza chai na chuma kungetaka kueleza uvimbe, na uvimbe haukuwa habari ya kanisani.

Nami nilirudi maabarani, nikaandika sura ile. Inasema kwamba kwenye maji ya bahari yaliyotengenezwa, washikaji wa majani ya chai hukifunga chuma kiasi kwamba hakipatikani kwa urahisi. Msimamizi alisema ni safi. Alitaka niongeze aya moja kuhusu umuhimu wa utafiti kwa jamii, nikaketi mbele ya aya hiyo siku mbili. Mwishowe niliandika kwamba unaweza kusaidia kuelewa bahari za mbali. Haikuwa uongo.

Miezi mitatu baadaye tulikuwa kwenye benchi lile lile. Mama alikuwa ameamka mapema, akachuma kikapu kizima kabla ya kuoga, na hakuketi hata mara moja. Mimi nilikuwa nimemfuata kwa macho kutoka dirishani. Wakati wa kuchuma nilimsikia akisema kitu peke yake, neno moja, tena na tena, akiacha na kuanza upya. Nilidhani anaomba.

Muuguzi ni yule yule. Alisoma karatasi, akaisoma tena.

"Kumi na moja," akasema. "Mama, sasa umeanza kunywa dawa. Nitamwambia daktari akupangie theatre juma lijalo."

Nilifungua mdomo nimweleze muuguzi, na mama akanishika goti. Aligeuka kwenye benchi mpaka akanielekea kabisa. Aliweka ulimi nyuma ya meno, nikaona anavyoutafuta mahali pake, mwanamke wa miaka hamsini aliyeishi maisha yake yote bila kuihitaji herufi ile.

"Ddamu," akasema. "Ddamu imepanda. Leo umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.